Wanaodai Kipindi cha Michezo

Nchi ninayoisimulia haipo, na msomaji atakayesema amewahi kuishi huko namwomba anyamaze, maana atanitia matatani. Kwenye ramani niliyonayo haimo. Wimbo wake wa taifa siujui, ingawa nimeambiwa huimbwa watu wakiwa wamekaa.

Katika nchi hiyo hakuna somo linaloheshimiwa kama Elimu ya Viungo. Lina kurugenzi yake, lina sikukuu yake, lina wimbo wake, na lina kaulimbiu iliyobandikwa hata kwenye milango ya vyoo vya serikali: VIUNGO IMARA, TAIFA IMARA. Katika ratiba ya kila shule limeandikwa kwa wino wa kijani: Jumatano, saa nne asubuhi, baada ya uji. Kitu kimoja tu hakijawahi kufanyika, nacho ni kulifundisha.

Msinielewe vibaya. Hakuna aliyelipiga marufuku. Lilipotea kwa ukarimu. Jumatano, saa nne ikikaribia, mwalimu wa hisabati huchungulia mlangoni na rula yake ndefu kwapani, akasema: "Mwenzangu, nikopeshe hicho kipindi chako, silabasi imenielemea." Naye mwalimu wa michezo hujibu: "Chukua tu, kaka." Wiki ijayo anakuja wa sayansi, inayofuata anakuja wa historia. Wote wakiwa wameshiba vipindi, mwalimu mkuu mwenyewe hukikopa ili watoto wakachote maji ya nyumba za walimu, au wakafyeke nyasi za uwanja wa michezo. Viwanja vya shule za huko vinapendeza sana kwa sababu hiyo. Hufyekwa na watoto, na katikati yake husimama kibao kinachosema: USIKANYAGE NYASI.

Timu ya taifa ya nchi hiyo ilipokwenda ugenini ikafungwa mpaka wenyeji wakaona haya, serikali haikukaa kimya. Iliunda tume. Tume iliketi, ikaketi sana, ikaja na ripoti kwamba nyasi za ugenini ni fupi mno. Wajumbe wakapewa nishani, na waliposimama kuzipokea wawili walihitaji kushikwa mkono.

*

Mwaka ninaouzungumzia, Shule ya Msingi Jitihada ilipata mwalimu mpya wa michezo, mwanamke mfupi, mkakamavu, aitwaye Mwanakheri Sudi. Alikuja na kamba za kuruka begani na raba miguuni, na ofisi nzima ya walimu ikamkodolea macho. Aliyemtangulia katika kazi hiyo alivaa makubadhi mpaka alipostaafu, na siku ya kumuaga walimzawadia kiti.

Jumatano yake ya kwanza aliingia darasa la saba. Wanafunzi walisimama, wakamwamkia, wakakaa, wakafungua madaftari ya hisabati.

"Yafungeni hayo," akasema. "Tunatoka nje."

Hakuna aliyeinuka. Msichana wa dawati la mbele, jina lake Mwasiti, alinyoosha kidole.

"Mwalimu, nje tukafanye nini?"

"Tukacheze."

Watoto walitazamana. Mwasiti akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani tumekosa nini, mwalimu?"

Kabla hajajibiwa, mlango ulifunguka. Alikuwa Mwalimu Ngwatu wa hisabati, na rula yake. Ngwatu alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alikopa vipindi vya michezo kwa miaka mingi na hakuwahi kusahau kumwambia mtu asante.

"Habari za asubuhi, dada. Nikopeshe hicho kipindi, mada ya sehemu bado inanisumbua."

"Sikopeshi, kaka."

Ngwatu alicheka. Alingoja Mwanakheri naye acheke. Hakucheka.

"Nadhani sikusikia vizuri."

"Umesikia vizuri sana. Leo sikopeshi."

Ngwatu akageuka, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Mwanakheri akaitwa. Waliposuluhishwa, kengele ilikuwa imeshagongwa, na watoto walikuwa palepale, madaftari yao yamefungwa, mikono juu ya dawati.

Mchana Mwasiti alimfuata mwalimu wake hadi getini.

"Mwalimu, nimeanza shule hapa darasa la kwanza. Nyasi za uwanja ule nazifyeka mimi. Sijawahi kukimbia juu yake hata mara moja. Tukimaliza mtihani tunaondoka. Ina maana tutaondoka hivi hivi?"

Mwanakheri alipandwa na hasira, hasira safi, ya kumkasirikia kila mtu mzima aliyewahi kusema "chukua tu, kaka."

"Mtacheza kabla hamjaondoka," akamwambia. "Nisipowachezesha, niite mwongo mbele za watu."

*

Mwalimu mkuu, Mzee Kisanga, alikuwa mtu wa amani. Kesho yake Mwanakheri alipomwendea ofisini, alimkaribisha kiti, na mwalimu alipopendelea kusimama, mzee aliliandika hilo moyoni.

"Mwanangu, wewe bado mgeni. Hapa sisi ni ndugu. Ndugu hawanyimani vipindi."

"Sikatai kukopesha, mzee wangu. Nataka kurudishiwa."

"Kurudishiwa nini?"

"Vipindi. Kila kilichokopwa."

Mzee Kisanga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kurudisha kipindi cha michezo! Alikuwa amefundisha tangu ujana wake na hakuwahi kusikia neno hilo likitamkwa na mtu mwenye akili timamu.

"Hilo ni suala la kisera," akasema hatimaye. Katika nchi ile, jambo likishaitwa la kisera, huwa limezikwa, na aliyelileta hutarajiwa kutupia udongo wake na kwenda zake. Mwanakheri hakuondoka. Mzee akaona hana budi kutisha kidogo. "Nenda Kurugenzini ukaseme hayo. Ukija na jibu, mimi nitalitii. Usipoleta jibu, na ukamnyima tena mwenzako kipindi, nitakuombea uhamisho uende shule ambayo ratiba yake haina Jumatano."

*

Kurugenzi ya Elimu ya Viungo iko ghorofa ya nne. Lifti yake ilikufa zamani. Mkurugenzi Mkuu, Dakta Elipokea Mbwilo, ambaye udaktari wake aliupata kwa utafiti kuhusu faida za kupanda ngazi, aliona si busara kuzipanda. Ofisi ikahamia kwenye gari lake, chini, kwenye maegesho. Yeye alikaa kiti cha nyuma na meza ndogo mapajani, katibu muhtasi alikaa mbele karibu na dereva, na wananchi walipanga foleni dirishani. Wageni wa heshima walifunguliwa mlango wakakaa kwenye kiyoyozi.

Mwanakheri alihudumiwa kupitia kioo kilichoteremshwa kidogo.

"Mheshimiwa, nadai vipindi vyetu. Wanangu wa darasa la saba wanamaliza shule hawajacheza hata siku moja."

Dakta Mbwilo alifumba macho, akavuta pumzi, akaanza kuuhutubia mgongo wa kile kiti cha mbele.

"Bibi mwalimu, serikali haijawahi kudharau viungo. Mimi mwenyewe ni muumini wa viungo. Nikiona kiungo kinatembea, roho yangu hufurahi. Kwa hiyo deni hilo hatulikani. Deni lipo, ni la kweli, na tunalienzi. Lakini tujiulize kitaalamu: mdai ni nani? Si wewe. Kipindi ni cha mwanafunzi, yule aliyekuwa darasani siku kilipokopwa. Na utaratibu wetu unaujua." Akafumbua macho. "Mhusika aje mwenyewe."

Hapa inabidi nisimame kidogo nimweleze msomaji, maana kwetu sisi hatuna mambo hayo. "Mhusika aje mwenyewe" ndiyo silaha kuu ya ofisi za nchi ile. Mgonjwa asiyeweza kuamka huambiwa aje mwenyewe kuomba ruhusa ya kuumwa. Nimesikia hata habari za marehemu aliyetakiwa kufika mwenyewe kuchukua kibali cha mazishi yake. Jamaa zake wakambeba, wakampeleka, wakaambiwa karani amekwenda kunywa chai. Hakuna dai lililowahi kupona baada ya maneno hayo.

"Wakija wenyewe watalipwa?" Mwanakheri akauliza.

"Papo hapo! Tena andika tangazo," Dakta akamwambia katibu wake. "Lisomwe redioni. Aliyewahi kukopwa kipindi cha Elimu ya Viungo afike mwenyewe Jumatano, saa nne asubuhi, katika uwanja wa shule aliyosoma, akiwa na viungo vyake vyote. Asiyefika atahesabiwa kuwa amesamehe."

Kioo kikapanda. Mwanakheri aliwaona ndani wakicheka, dereva amelaza kichwa kwenye usukani. Nani mwenye mvi zake atoke kazini aje kudai zamu ya kuruka kamba?

*

Watu wa nchi ile ni wepesi wa kusamehe. Wamesamehe barabara, wamesamehe maji, wamesamehe dawa, na walisamehe bila kuguna. Ila walizoea kusamehe wenyewe, kimoyomoyo, kila mtu kwa wakati wake. Kusamehewa na redio, kwa niaba yao, hilo liliwachoma.

Nje ya geti la Shule ya Jitihada huuza vitumbua mama mmoja aitwaye Bi. Hidaya. Tangazo lilimkuta akigeuza vitumbua, na kimoja kikaungua akiwa ameshika kijiko hewani.

"Nani kawaambia mimi nimesamehe?" akasema. "Nani? Mie nilikuwa na mbio, watu wazima walikuwa wananiita wanitume kwa ajili ya mbio zangu. Kila Jumatano najiambia, leo naingia uwanjani niwaoneshe. Kila Jumatano naambiwa, toa daftari. Sasa magoti yameniharibikia ndiyo wanasema nimesamehe? Nakwenda hivyo hivyo, na magoti yangu."

Jumatano ilipofika alifunika vitumbua vyake kwa kawa, akaingia getini. Alidhani yuko peke yake. Nyuma yake akaja fundi cherehani na utepe wa kupimia shingoni. Wakaja wauguzi na gauni zao nyeupe, mchinjaji na buti zake, meneja wa benki akiwa ameshika viatu mkononi. Alikuja bibi mmoja akisukumwa kwenye toroli na wajukuu, kwa kuwa tangazo lilisema mhusika afike na hawakuambiwa afikeje. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa siku hiyo kwenye shule zote za nchi ile. Ofisi zilibaki na mafeni yanazunguka.

Waliuzunguka uwanja wa Jitihada, wakasimama ukingoni. Kile kibao bado kilikuwa kinawatazama, na hakuna aliyethubutu kutanguliza mguu.

Darasa la saba walikuwa ndani. Mwalimu Ngwatu aliwahi mapema, akajaza ubao mzima. Watoto walikuwa wakinakili huku shingo zimepinda kuelekea dirishani, na Mwanakheri alikuwa amesimama baina ya mlango wa darasa na uwanja, hajui aanze na upande upi.

Ndipo gari la Kurugenzi lilipoingia. Lilikipita kibao, likaukata uwanja katikati, likaegeshwa juu ya nyasi. Nyuma yake lilifuata lori lenye askari, jukwaa, vipaza sauti na bango kubwa la kitambaa: UMUHIMU WA MICHEZO.

*

Dakta Mbwilo alipanda jukwaani kwa msaada wa watu wawili. Alikuwa amepigiwa simu tangu asubuhi na kila shule, na alikuwa amekwisha kupata ufumbuzi.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Mnalipwa leo. Serikali imetimiza ahadi. Lakini kabla ya malipo, naomba mnikopeshe hiki kipindi kidogo tu, nitoe hotuba fupi kuhusu umuhimu wa michezo."

Akaanza na watu wa kale, jinsi walivyokimbia. Akashuka kwenye mifupa, akaitaja mmoja mmoja kwa majina yake ya kitaalamu. Alipofika kwenye uti wa mgongo, jua lilikuwa limewakolea watu utosini, na baadhi yao, kwa mazoea ya miaka mingi, walianza kukaa chini. Meneja wa benki alitoa kalamu, akaanza kuandika.

Mwanakheri alitazama kipindi kikiyeyuka. Aliwatazama watu wazima wanavyokaa, mmoja baada ya mwingine, kwa utii. Akatazama dirishani, akamwona Mwasiti amesimama kwenye dawati lake.

"Hatukopeshi!" akapiga kelele.

Dakta alinyamaza katikati ya pingili ya uti wa mgongo. "Nani huyo?"

"Hatukopeshi!" Huyo alikuwa Bi. Hidaya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuuzia watu wa ng'ambo ya barabara.

Fundi cherehani akalirudia. Wauguzi wakalirudia. Bibi wa kwenye toroli akasema lake peke yake, wenzake walipokwisha nyamaza, na watu wakamshangilia. Waliokwisha kukaa wakainuka. Neno hilo walikuwa wakilisoma kwenye kuta za maduka tangu utotoni, wakiambiwa wao. Siku hiyo ndiyo kwanza walilionja mdomoni.

Mwanakheri aliufungua mlango wa darasa.

"Kaka, na hawa watoke."

"Silabasi, dada," akasema Ngwatu, lakini macho yake yalikuwa dirishani.

"Ngwatu!" Bi. Hidaya alikuwa amefika hapo nje, amevishika vyuma vya dirisha. "Wewe si ulikuwa unakaa nyuma yangu darasa hilihili? Si ulikuwa unalia kila Jumatano? Tulikopwa wote, mwanaume wewe!"

Ngwatu aliiangalia rula yake. "Kwa hiyo na mimi nadai," akasema polepole, na hilo lilimshangaza kuliko hesabu yoyote aliyowahi kuipata. Akaiegemeza rula ukutani. "Haya, nje wote. Msisukumane."

Watoto walitoka, wakasimama ukingoni mwa nyasi kama watu wazima walivyosimama. Mwasiti akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya kibao. Kisha akakimbia.

Hakukimbia vizuri. Mikono yake ilikuwa imeganda ubavuni, kama mtu aliyebeba ndoo za maji, maana huo ndio mwendo aliofundishwa kwenye uwanja ule. Lakini alikwenda mpaka mwisho, akagusa ukuta, akarudi, na uwanja mzima ulikuwa ukimtazama. Alifika kwa mwalimu wake akihema, ameshika kifua.

"Mwalimu, moyo unanidunda sana. Naumwa?"

"Huumwi, mwanangu." Mwanakheri hakuficha machozi. "Ndivyo unavyotakiwa kudunda. Rudia tena."

Basi hapo kila mtu akaingia.

*

"Sajini!" Dakta Mbwilo alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Tawanya watu hawa! Wanakanyaga nyasi za serikali!"

Sajini Lusungu, mkuu wa wale askari, alitazama umati, akatazama vijana wake.

"Mkuu, hawa tayari wametawanyika," akasema. Ilikuwa kweli, kila mmoja alikuwa akikimbilia upande wake. "Na mimi nilisoma hapa."

Akavua kofia, akaiweka chini kwenye nyasi. Askari mwenzake akaiweka ya kwake hatua kadhaa pembeni, na watoto wakaona papo hapo kwamba lile ni goli. Mpira haukuwepo. Fundi cherehani akapanda jukwaani, akaliteremsha lile bango, akalikunjakunja, akalizungushia kamba kwa mikono ya mtu anayeijua kazi yake. UMUHIMU WA MICHEZO ukawa duara, ukadundadunda kidogo, ukakubalika.

Walicheza vibaya ajabu. Mchinjaji alianguka peke yake. Meneja wa benki alipewa pasi akaidaka kwa mikono miwili, akaulizwa na mtoto wa darasa la pili kama ana akili. Bi. Hidaya alijikongoja pembeni na magoti yake akimtukana kila aliyekosa. Kamba za Mwanakheri zilikuwa zikizunguka upande wa pili, wauguzi wakiruka gauni zimeshikwa mkononi. Katika kelele hizo mpira uliponyoka, ukabingirika mpaka kwenye jukwaa, na Dakta Mbwilo, aliyekuwa akishuka kulitafuta gari lake, akaukanyaga.

Watu wakasimama.

"Kitambaa hiki ni mali ya Kurugenzi," akasema. "Nakichukua."

Alikusudia kuinama. Niliambiwa na watu wanne tofauti kwamba alikusudia kwa dhati. Kiwiliwili kilishuka kidogo, kikafikiri, kikarudi juu. Akajaribu kwa kupitia ubavuni. Dereva alipaswa kumsaidia kwa mujibu wa kazi yake, lakini dereva alikuwa mbele kule, ameomba namba tisa.

Mwasiti alikuja mpaka karibu, miguu yake imejaa nyasi.

"Mzee, unacheza au huchezi?"

"Mtoto, unajua unaongea na nani?"

"Goli letu halina kipa," Mwasiti akasema. "Asiyejua kukimbia anakaa golini."

Sheria hiyo haimo katika katiba ya nchi ile wala ya nchi nyingine yoyote, na sijawahi kusikia mtu aliyekata rufaa dhidi yake. Dakta alimtafuta Sajini kwa macho. Sajini alikuwa akinyoosha kofia yake vizuri, goli lisije likalalamikiwa. Aliwatafuta watu wawili waliompandisha jukwaani, akawaona mmoja anakokotwa na watoto na mwingine anawakokota wengine. Basi akauondoa mguu juu ya mpira, akatembea na suti yake, akasimama katikati ya kofia mbili.

Walimfunga. Alifungwa na watoto, akafungwa na fundi, akafungwa na Ngwatu ambaye alishangilia mpaka akapoteza sauti ya kufundishia. Jasho lilimtoka likalowesha tai. Mara moja mpira ulimgonga tumboni ukarudi, watu wote wakampigia makofi, naye akageuka huku na huku kutazama ni nani aliyeokoa.

Mwishowe alimwona Mwanakheri amesimama karibu na mlingoti wa kofia.

"Mwalimu," akasema akitweta, "kipindi hakijaisha?"

Mwanakheri alitazama saa yake. Kipindi kilikuwa kimekwisha zamani, pamoja na viwili vilivyofuata.

"Bado, mheshimiwa," akamjibu. "Inua mikono. Mwasiti anakuja."